Dan Crawford wa Luanza: Mtu Aliyezihesabu Siku Zake



 Katika ukurasa wetu wa maisha ya watumishi wa zamani, mara hii tunamleta mtu ambaye wengi wetu tulisikia jina lake tangu utoto, hasa sisi tuliotoka Pweto, Kilwa, Lukonzolwa na vijiji vya ng'ambo. Ni Dan Crawford wa Luanza. Wazee walimwita Konga Vantu, maana yake mkusanya watu.

Tumemchagua kwa sababu. Katika makazi yetu matanga hayakosekani, na kila tunapotoka makaburini tunasikia habari zilezile. Marehemu alikuwa anangoja kurudi nyumbani ndipo ajenge nyumba ya maana. Alikuwa anangoja kurudi ndipo apatane na ndugu yake. Alikuwa anangoja vita viishe ndipo binti yake aanze shule. Alingoja, na kifo hakikungoja. Basi tuangalie maisha ya mtu aliyejua mapema kwamba angekufa, akalikubali jambo hilo, na kwa sababu hiyo hakuahirisha kuishi.

Mtoto wa baharia

Dan Crawford alizaliwa tarehe 7 Desemba 1870 huko Gourock, mji mdogo wa pwani ya Uskoti, Uingereza. Baba yake alikuwa nahodha wa chombo cha kubeba mizigo. Dan alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, baba yake alikufa kwa kifua kikuu. Wakati ule ugonjwa huo haukuwa na dawa. Siku hizi mtu akikohoa wiki mbili anapimwa makohozi kliniki na kupewa vidonge vya miezi sita, naye anapona. Zamani zile familia ilimtunza mgonjwa huku ikijiandaa kwa mazishi.

Dan naye alikua akiwa na kifua dhaifu. Waliomfahamu waliona dalili za baba yake ndani yake, na hawakutegemea kwamba angefika uzee. Aliacha shule mapema akaenda kufanya kazi ili amsaidie mama yake mjane. Mwaka 1887, akiwa na miaka 16, alimpokea Kristo. Mwaka uliofuata alirudi kutoka Afrika mmisionari mmoja aitwaye Frederick Stanley Arnot, aliyekuwa amefika Bunkeya, mji mkuu wa Mfalme Msiri, mwaka 1886. Arnot alitafuta vijana wa kufuatana naye kurudi Katanga, nchi iliyoitwa Garenganze. Jina hilo makanisa yetu mengi bado yanalitumia hata leo.

Kijana Dan alijitoa. Kwa macho ya kibinadamu ilionekana ni kumpeleka mgonjwa akafie mbali. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuona kwamba hata akikaa Gourock kifo kitamkuta. Kwa hiyo alijiuliza atafanya nini na siku alizo nazo. Mwezi wa Machi 1889 aliagana na mama yake akapanda meli. Alikuwa na miaka 18.

Njia ya minyororo

Kundi la Arnot lilishuka Benguela, pwani ya Angola. Kutoka pale hadi Bunkeya ni zaidi ya kilomita 1,500, nao walikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi. Kabla ya safari kufika mbali homa iliwaingia, na baadhi ya vijana waliotoka Uingereza pamoja na Dan walikufa huko Angola. Walikuwa vijana wenye afya kuliko yeye. Yule ambaye watu walidhani atakuwa wa kwanza kuzikwa ndiye aliyesimama kando ya makaburi ya wenzake.

Njia yenyewe ilikuwa njia ya biashara ya watumwa. Walikutana na misafara ya watu waliofungwa wakipelekwa pwani, na njiani waliona pingu za miti zilizotupwa baada ya wafungwa kufa. Ndugu zangu, sisi tuliotembea na watoto mgongoni kuelekea Chiengi tunaifahamu njia ya namna hiyo. Tunajua jinsi mtu anavyotazama ukingo wa barabara na kupita haraka. Dan Crawford aliiona njia hiyo kwa miezi mingi akiwa kijana mdogo, na haikumtoka moyoni maisha yake yote.

Mwishoni mwa mwaka 1890 alifika Bunkeya.

Mfalme aliyeogopwa

Msiri alikuwa mtu mkubwa. Asili yake ilikuwa upande wa Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alikuja Katanga kwa biashara ya shaba na pembe, kisha akawa mfalme wa nchi pana. Bunduki na baruti zilimfikia kutoka pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi. Alikuwa na mamia ya wake, na kwenye uzio wa boma lake palitundikwa mafuvu ya watu aliowaua. Wamisionari waliishi kwake kama wageni ambao hawana ruhusa ya kuondoka, wakiitwa na kutumwa kwa mapenzi yake.

Sasa tazameni yaliyotokea. Mwezi Desemba 1891 lilifika jeshi lililotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likiongozwa na Kapteni Stairs. Tarehe 20 Desemba, katika ugomvi wa kumlazimisha Msiri akubali bendera ya Leopold, ofisa aitwaye Bodson alimpiga Msiri risasi akafa. Bodson naye alipigwa risasi na watu wa mfalme, akafa. Stairs mwenyewe alikufa kwa homa mwezi Juni 1892 akiwa pwani ya Msumbiji, njiani kurudi kwao. Alikuwa na miaka 28.

Kwa hiyo katika muda usiofika miezi sita, mfalme aliyeogopwa, mtu aliyemuua na kiongozi wa jeshi lililoshinda wote walikuwa makaburini. Mji wa Bunkeya ulitawanyika na njaa ikaingia. Yule kijana wa kifua dhaifu, asiye na jeshi, akabaki hai katika nchi iliyovurugika. Hatusemi haya ili mtu adhani kwamba mwamini hafi haraka. Tumekwisha kuzika waamini wengi vijana. Tunasema kwamba hakuna ajuaye zamu. Mwenye nguvu hana barua inayomhakikishia kesho, na mgonjwa pia hana barua inayomnyima kesho.

Luanza, mji wa waliotawanyika

Baada ya Bunkeya kuvunjika, watu waliokuwa wamekusanywa pale kwa nguvu walibaki bila mahali. Wengine walikuwa watumwa waliotekwa utoto wao kutoka Uluba, Usanga, Ulamba, Ubemba na kwingineko. Vijiji vyao vya kwanza vilikuwa vimeteketea, na wengi hawakujua tena ukoo wao uko wapi. Baadhi yao walimfuata Crawford. Yeye alisogea mashariki hadi Ziwa Mweru, na karibu na mwaka 1894 akaanza kujenga Luanza, juu ya genge upande wa magharibi wa ziwa, kusini ya Pweto.

Hapo ndipo jina la Konga Vantu lilipopata maana yake. Luanza ulikuwa mji wa wakimbizi. Waliokaa pale walikuwa na lugha mbalimbali na majonzi mbalimbali. Wangeweza kusema kwamba hapa tunapita tu, tusijenge. Badala yake walijenga nyumba, walilima mihogo, walifungua shule, walioa na kuolewa, walizaa. Kutoka Luanza vijana waliojua kusoma walitumwa kufundisha katika vijiji vingine vya kandokando ya ziwa.

Mwaka 1896 Crawford alisafiri hadi Blantyre, katika nchi ya Malawi ya leo, akamwoa Grace Tilsley. Mama huyu aliishi na kufanya kazi Luanza pamoja naye. Kuoa kwenyewe kulikuwa tendo la imani kwa mtu aliyeambiwa tangu utoto kwamba hataishi sana. Hakusema kwanza nione kama nitapona. Alifunga ndoa, akaanzisha nyumba.

Kazi yake kubwa ilikuwa tafsiri. Alijifunza lugha kwa kukaa na watu barazani, akisikiliza mithali na hadithi za wazee mpaka akaanza kuwaza kama wao. Agano Jipya katika Kiluba cha Sanga lilitoka mwaka 1904. Kisha akaingia Agano la Kale, sura baada ya sura, mwaka baada ya mwaka. Fikirini kazi hiyo: kurasa zaidi ya elfu moja, kwa mkono, kwa mwanga wa taa, katika nchi ambayo homa ilikuwa inarudi kila masika. Mtu anayeogopa kufa kabla ya kumaliza hawezi kuianza kazi ya namna hiyo. Anayeweza ni yule aliyekubali kwamba labda mwingine ndiye atakayeimaliza.

Tangu alipotoka kwao mwaka 1889 hakurudi hata mara moja mpaka mwaka 1911, yaani miaka 22. Alipofika Uingereza aliandika kitabu juu ya maisha ya Afrika ya Kati, kikatoka mwaka 1912 na kusomwa sana, jina lake likajulikana mbali. Angeweza kubaki huko akiheshimiwa, kwenye madaktari na hali ya hewa ya kwao. Lakini alirudi Luanza.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa msimamo mkali, na mara kadhaa alitofautiana na wamisionari wenzake. Aliishi katika zama ambazo wazungu walijigawia nchi zetu bila kutuuliza, naye alikuwa mtu wa zama zake. Tunamtaja kwa jambo hili moja alilolijua vizuri: jinsi ya kuishi na kifo jirani bila kukipa kiti cha mbele.

Na kifo kweli kilikuwa jirani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, uliingia bonde la Luapula na pwani za Mweru. Upande huu wetu wa leo, karibu na mwaka 1910, serikali ya Kiingereza iliwaondoa watu kwenye vijiji vya kando ya maji ikawapeleka mbali na mbung'o. Kwa hiyo hata wenyeji wetu wa Nchelenge, ambao leo wametupa ardhi, wana bibi na babu waliowahi kuhamishwa. Ziwa hili limeona wakimbizi kabla yetu.

Jeraha dogo

Mwisho wa Crawford ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Kifua hakikumuua. Wala si simba, wala si malale, wala si homa iliyowaua wenzake. Mwishoni mwa Mei 1926, usiku, alinyoosha mkono gizani akaugonga kwenye rafu karibu na kitanda. Mkono ulichubuka. Lilikuwa jeraha dogo ambalo mtu hulisahau asubuhi. Lakini sumu iliingia katika damu, mkono ukavimba, na tarehe 3 Juni 1926 akafariki. Alikuwa na miaka 55. Dawa ya penisilini iligunduliwa mwaka 1928, miaka miwili baadaye, na ikapita zaidi ya miaka kumi kabla haijaanza kutibu watu wengi.

Lakini kifo kilimkuta akiwa amefika mahali. Tafsiri ya Agano la Kale alikuwa ameifikisha mwisho katika siku hizo za mwisho za maisha yake. Shule zilikuwa na walimu wenyeji. Kanisa lilikuwa na watu wanaosoma Neno kwa lugha yao. Kazi iliendelea bila yeye, na makanisa ya Garenganze yapo Katanga mpaka leo.

Alizikwa Luanza. Mtoto wa Gourock analala katika udongo wetu, mbali kabisa na kaburi la baba yake.

Tujifunze nini?

Wapendwa, hapa ndipo habari hii inapotugusa. Wengi wetu hatuogopi kufa tu, tunaogopa kufia ugenini. Tuliokimbia mwaka 2017, tukapita Kenani na kuletwa Mantapala mwaka 2018, tulidhani ni kwa muda mfupi. Kabla yetu walikuwapo ndugu zetu wa Kala kule Kawambwa na wa Mwange kule Mporokoso. Walikaa miaka kumi hivi, na kambi hizo zilifungwa mwaka 2010. Wengi walirudi Kongo wakiwa hai. Wengine mifupa yao iko huku. Sisi pia itakuwa hivyo. Wengine tutavuka kurudi, na wengine tutazikwa hapa chini ya miti ya Mantapala. Tukilisema jambo hili waziwazi, linapungua uzito.

Musa katika Zaburi ya 90 anamwomba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu. Anataka tupate hekima, si hofu. Na nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia waliohamishwa Babeli kwamba wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuutakia mema mji waliomo, ingawa wengi wao wangekufa kabla ya siku ya kurudi. Mungu alijua wangekufa huko, na bado aliwaambia wapande.

Basi tuangalie mambo machache.

Kwanza, kukubali kifo si kukiita. Wapo wanaosema kila mtu ana siku yake, kisha wanamwacha mtoto na homa ndani ya nyumba siku tatu. Hilo ni uvivu uliovaa nguo ya imani. Wilaya yetu ya Nchelenge ni kati ya sehemu za Zambia zenye malaria nyingi zaidi. Chandarua ni cha kulalia watoto, si cha kuvulia samaki. Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi na sabuni, likivimba mtu aende kliniki. Dawa aliyoikosa Crawford sisi tunayo.

Pili, upatanisho usingoje safari ya kurudi. Kama una neno na ndugu yako aliye nyumba ya tatu kutoka kwako, usimwekee mpaka mfike Pweto. Labda mmoja wenu hatafika.

Tatu, waambieni watoto majina. Mtoto aliyezaliwa Mantapala hajui kijiji cha babu yake, wala mto, wala ukoo. Baba, mama, ninyi ndio daftari lake, na daftari hilo siku moja litafungwa. Andikeni katika karatasi: majina ya bibi na babu, mahali mlipozaliwa, deni mnalodai na mnalodaiwa, na nani atawalea watoto msipokuwapo. Mtu akiandika hivyo hajiletei mkosi. Anawaondolea watoto wake ugomvi wa matanga.

Nne, pandeni. Mwembe unachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na wengine husema hawatapanda kwa kuwa watakuwa wameondoka. Haidhuru. Kama utakuwa umerudi ng'ambo, mtoto wa mwenyeji aliyekupa ardhi atakula. Kama utakuwa umelala hapa, mjukuu wako atakula. Kijana naye asiahirishe kujifunza ushonaji au useremala kwa sababu hii ni kambi tu. Ujuzi hauachwi mpakani.

Siku hewa ikiwa safi, tunaposimama ufuoni Kashikishi jioni, tunaona milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Tunaitazama tukiwakumbuka tuliowaacha. Tukumbuke pia kwamba upande ule, juu ya genge la Luanza, yuko mgeni mmoja aliyelala katika nchi isiyo ya mama yake. Hakufa kama mgeni, kwa sababu alikuwa ameishi pale kama mwenyeji kila siku aliyopewa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni jambo gani tunaloliahirisha mpaka turudi, ambalo tungeweza kulianza wiki hii?
2. Je, watoto wetu wanajua majina ya babu na bibi zao, na mahali walipozikwa?
3. Ni nani ambaye tungejuta tukimzika bila kupatana naye?
4. Kama tungezikwa hapa, tungependa wenyeji wetu watukumbuke kwa lipi?

Baba na mama wa nyumba wayazungumze haya pamoja na watoto jioni baada ya chakula, kisha waombe kwa ajili ya wagonjwa na waliofiwa. Vikundi vya akina mama na vijana wanaweza kuyatumia katika mikutano yao ya wiki.

Mungu awabariki, na siku zenu ziwe zimehesabiwa vema.